Shangazi, ukumbi mzima unaimba upweke wangu na hakuna anayeshtuka

Shikamoo Shangazi,

Natumai hujambo. Mimi ni kijana wa miaka 26, naandika nyimbo, naimba pia ila zaidi naandika, na hii barua kila nikiianza naifuta kwa sababu naona kama najiliza tu, sasa leo nimeamua naituma ilivyo, usinicheke.

Ishu iko hivi. Kuna wimbo niliuandika usiku mmoja nikiwa chumbani, siku hiyo nilikuwa sijaongea na mtu tangu niamke, sio kwamba nimenuniana na watu hapana, ni vile tu hamna aliyenitafuta na mimi sikumtafuta mtu. Simu nilikuwa nimeichomoa kwenye chaji asubuhi nikaiweka kwenye godoro, usiku naiangalia betri bado iko juu kule kule, haijaguswa. Nikaandika mstari unasema "chaji mia kwa mia tangu asubuhi, hamna wa kuimaliza". Shangazi ule haukuwa ushairi, ilikuwa ni simu yangu kweli iko pale imejaa.

Nikampelekea prodyuza. Akasikiliza akasema mdogo wangu hii melodi ni hela kabisa ila ukiimba polepole hivi watu watasinzia, akapandisha biti, akaweka makofi, akasema pale kwenye chaji tupakate tupafanye ndo korasi watu waitikie. Nikakubali kwa sababu na mimi nilitaka wimbo utoke. Na umetoka, na umependwa, siwezi kudanganya. Siku hizi nikipanda stejini naimba tu "chaji!" ukumbi mzima unajibu "mia kwa mia!" simu zote juu zimewashwa tochi. Kuna klipu watu wanacheza wamechomeka waya wa chaja kiunoni, wananitagi, wananiambia kaka umetisha huu ndo wimbo wa kupandisha mzuka. Kuna mmoja kakomenti eti wimbo unamsifia mtu mwenye simu ya betri kubwa, ikapigwa laiki balaa.

Mi nacheka nao. Napiga nao picha. Alafu nikirudi chumbani nakaa na viatu kitandani hata kuvua siwezi.

Vesi ya pili ndo nzito zaidi. Kuna mtu anapita mbele ya kioo anajisalimia "mambo", anajijibu mwenyewe "poa", ili tu siku isiishe bila sauti yake kutumika. Hiyo niliiweka makusudi, nilijua mwenye akili akiisikia lazima ashtuke. Wapi! Mama kausikia, akaniambia mwanangu wimbo wako unachangamsha. Rafiki yangu tangu shule, huyo ndo wa karibu kuliko wote japo sikuhizi kaoa na tunasalimiana tu kwa meseji, aliuweka stetasi na vile viemoji vya moto. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu. Labda kuna jamaa anapiga kinanda kwenye bendi, siku moja tunakunja waya baada ya shoo akaniambia "oya, ile vesi ya pili uliiandika ukiwa kwenye hali gani?" nikamwambia aah ni mashairi tu bana, akasema poa. Lakini yule mpenda udaku, nikaona anatafuta stori.

Sasa Shangazi nimeanza kuwachukia. Watu ninaowaimbia, watu wanaonilipa, nawaangalia wanaruka naona viziwi watupu. Nimeweka kila kitu kwenye wimbo, nimewapa na maneno waimbe wenyewe kwa midomo yao, na bado hamna kitu. Saa ingine nawaza hata nikizima kabisa sijui itachukua muda gani mtu ashtuke. Usiku silali mapema, nina plelisti yangu ya nyimbo za majonzi nasikiliza hadi saa nane, ikiisha naianzisha upya.

Nilitaka kukuuliza, kwa nini watu hawasikii? Au mi ndo nina shida? Nimewaza kuposti kitu kirefu nieleze wimbo unamaanisha nini mstari kwa mstari ili wote waone aibu. Na prodyuza anataka tutoe pati tu, yaani sehemu ya pili ya wimbo, anasema safari hii tuongeze spidi. Nishauri, nimechoka.

Ni mimi,
Chaji Mia

*

Marahaba mwanangu,

Barua nimeisoma yote na sijacheka, nicheke nini hapo.

Nianze na kitu ulichokipitisha haraka haraka katikati ukidhani sitakiona. Umesema unawaza ukizima kabisa sijui itachukua muda gani mtu ashtuke. Hapo sizunguki, nakuuliza kama shangazi yako, unawaza kufa? Unawaza kujiua? Watu wengi wanaogopa kuuliza hivi wakidhani watampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo, lakini waliolichunguza jambo hili wameona kuuliza hakupandikizi wazo, na wengi wakiulizwa wanapumua kwa sababu hatimaye kuna mtu kalitamka. Kama jibu lako ni ndiyo, hata ndiyo ndogo ya usiku tu, basi barua hii iweke pembeni kwanza, leo hii usilale peke yako, mwite mtu aje au umfuate alipo, kama kuna kitu humo ndani ulishakipigia hesabu kitoke humo, na uende hospitali au upige namba ya dharura au ya msaada wa afya ya akili ya nchi uliyopo. Mambo ya biti yatasubiri. Na kama jibu ni hapana, ilikuwa hasira na uchovu tu, nakuamini, ila bado nataka umwone daktari kama huzuni hii imekukaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umevurugika, hamu ya kula imekata na hata muziki wenyewe umeanza kukosa ladha. Wiki mbili ndo kipimo wanachoanzia madaktari wanapoangalia sonona, na sonona inatibika, hata kwa mtu ambaye anapigiwa makofi. Ile ya kukaa na viatu kitandani huwezi kuvua, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniambia mimi, usiipambe.

Haya, sasa tuje kwenye viziwi wako.

Mi naona hawakuwa viziwi, ni wewe hukuwaambia. Najua hapo umeruka, unasema Shangazi niliimba kwa maiki! Ndiyo, uliimba kwa maiki, ukawaambia wote kwa mpigo, na neno lililoambiwa watu wote hakuna hata mmoja anayejiona kaambiwa yeye. Angalia waimbaji wa taarab, wale ndo mafundi wa kusema bila kusema. Fumbo linaimbwa, ukumbi mzima unacheza, lakini kuna mmoja kakaa kwenye kona anajua kabisa hili ni langu, na shoga zake wanajua, na hasimu wake ananyanyuka kwenda kutunza pale pale kwenye mstari wenyewe ili ujumbe usipotee njia. Fumbo lile linafika kwa sababu lina mwenyewe. Lako halikuwa na mwenyewe, ulitaka mama ashtuke, rafiki ashtuke, na yule aliyechomeka chaja kiunoni naye ashtuke, wote kwa mstari mmoja, na kila mmoja akadhani unaongea na jirani yake.

Na usidhani ni wewe tu. Mwaka 1965 The Beatles, bendi ya Uingereza, walitoa wimbo unaitwa Help!, yaani jina lenyewe ni kuomba msaada, hakuna fumbo wala nini, na ukashika namba moja Uingereza na Marekani. Baadaye mwimbaji wao John Lennon alisema haipendi sana ile rekodi kwa sababu waliupeleka mbio ili uuzike, na mwaka 1980 akaeleza kwenye mahojiano kwamba kipindi kile alikuwa na huzuni na alikuwa anaomba msaada kweli kweli. Fikiria hapo, mtu anapiga yowe la msaada mbele ya dunia nzima na dunia nzima inamwitikia kwa furaha, inanunua santuri, inacheza. Kwa hiyo prodyuza wako na biti zake hajavumbua jambo jipya. Na kwetu huku tunao Malaika, ambao Miriam Makeba aliupeleka mbali duniani, unapigwa harusini watu wanakumbatiana na kushikana mikono, wakati anayeimba mle ndani ni mtu anayependa na hawezi kuoa kwa sababu hana kitu, kashindwa. Watu wanaujua kwa moyo neno kwa neno, na harusini hapo hapo hamna anayemlilia yule kijana.

Sio roho mbaya hiyo. Wimbo ukishatoka mdomoni mwako kila msikilizaji anaujaza vitu vyake mwenyewe. Kuna utafiti mmoja wa 2014, Liila Taruffi na Stefan Koelsch waliwauliza watu 772 kuhusu nyimbo za huzuni zinawafanyaje, na hisia iliyotajwa zaidi haikuwa hata huzuni, ilikuwa ni ile ya kukumbuka ya zamani, mtu anasikia wimbo wa mwingine anarudi kwenye siku zake. Na wengi walisema wanaziendea nyimbo hizo wakiwa na majonzi au wakiwa wapweke. Ndo maana yule dada wa mstari wa mbele akisikia "mia kwa mia" hakuoni wewe na godoro lako, anamwona mtu wake ambaye hakupiga. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2025 linasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Hebu uhesabu ukumbi wako siku moja, wote wale na tochi juu, alafu uniambie unadhani ni wangapi wanaitikia ule mstari kwa sababu na wao simu zao zilishinda zimejaa. Unawachukia watu ambao huenda ndo wenzako.

Lakini sasa kuna kitu kwenye barua yako kimenifanya nirudie kusoma. Umeandika hakuna hata mmoja aliyeuliza, na sentensi inayofuata hapo hapo umeandika kuna mmoja aliuliza.

Mpiga kinanda. Mwanangu, huyo kasikia! Kati ya watu wote hao kuna mtu aliyekuwa kazini, mikono iko kwenye kinanda, ana nota zake za kufikiria, na bado vesi ya pili ikamwingia hadi akaibeba moyoni shoo nzima, akasubiri watu wapungue mnakunja waya, ndo akakuuliza. Na hata hakuuliza "wimbo unahusu nini", kauliza ulikuwa kwenye hali gani. Hilo swali ndo lile lile ulilokuwa unalisubiri kwa mama, kwa rafiki, kwa ukumbi. Lilipokuja ukalifukuza na "mashairi tu bana", alafu ukamgeuza mdaku.

Sikulaumu, na nitakuambia kwa nini. Kuna mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, John Cacioppo, alifanya kazi ya upweke miaka mingi mpaka alipofariki 2018, na yeye alikuwa anasema upweke ni kama njaa, ni mwili unakukumbusha kuna kitu unakihitaji ili uishi, sio aibu wala udhaifu wa tabia. Hiyo ni nusu nzuri. Nusu mbaya ni kwamba upweke ukikaa sana unamfanya mtu awe macho kupita kiasi, anaona hatari kwenye nyuso za watu, swali la kawaida analisikia kama dharau, mkono unaonyooshwa anaona unakuja kumpiga. Yaani kile kile kinachokusukuma uwatafute watu ndo kinakufanya uwakwepe wakija. Kwa hiyo huenda yule jamaa ni mdaku kweli, mi simjui, lakini huenda pia ni upweke wako ndo umemvika huo udaku. Jiulize, lini alishawahi kuchukua jambo lako akalitangaza? Kama huna tukio hata moja unaloweza kulitaja, basi huna kesi.

Ninachotaka ufanye ni kidogo sana na najua kitakuwa kigumu kuliko kupanda stejini. Mtafute. Sio kwenye grupu la bendi, mwandikie yeye mwenyewe, na usiandike kisanii. Andika kitu kama hiki, "Oya, ile siku uliniuliza kuhusu vesi ya pili nikakujibu ovyo. Ukweli ni kwamba niliiandika siku ambayo sikuongea na mtu hata mmoja, na siku kama hizo zimekuwa nyingi. Siombi ufanye kitu, nilitaka tu kuna mtu ajue. Ukipata nafasi tukae." Basi. Usiweke viemoji vya kucheka mwishoni, nawajua nyie, mnaandika jambo zito alafu mnaweka kichwa kinachotoa machozi ya kicheko ili mtu akishtuka mseme nilikuwa natania. Hako kaemoji ndo "mashairi tu bana" nyingine.

Akijibu vibaya je? Inawezekana. Watu wengi wakiambiwa jambo la namna hii wanaogopa, wanakimbilia kusema "usijali kaka itapita" au wanakupa mahubiri. Usichukulie kama mlango umefungwa, mara nyingi mtu hajui aseme nini na anatamani umwambie. Mwambie, sitaki ushauri, nataka kampani tu. Na kama ndo kakaa kimya kabisa, utaumia, sitakudanganya, lakini una mtu wa pili, yule rafiki wa shule.

Huyo namtetea kidogo. Alikuwekea wimbo stetasi, mtu mwenye ndoa changa na mambo yake, hiyo ndo lugha aliyokuwa nayo. Yeye aliona rafiki yake kafanikiwa akafurahi. Kwa macho yake wewe uko ukumbini unashangiliwa na yeye ndo kaachwa nyuma, hujui, pengine na yeye anasubiri umtafute maana anaona umekuwa mkubwa. Mpigie kwa sauti. Usitume meseji, piga, na usianze na wimbo, anza na yeye, muulize ndoa inaendaje alafu nyamaza umsikilize. Kisha useme yako. Mtu uliyemsikiliza kwanza anakuwa na sikio.

Mama nenda naye taratibu. Mama akisikia neno huzuni kwa mtoto hatalala, na wewe utaanza kumbembeleza yeye badala ya yeye wewe. Anza na hao wawili.

Sasa nikuulize kitu cha kazi yako. Ule mstari wa chaji, kabla haujakaa sawa na biti, ulikuwa unasemaje? Maana nyie waandishi mnajua vizuri, ukweli unakuja haujapimwa, una maneno mengi, halafu unaukata huku unaongeza kule ili kina kikubali, na mwisho unabaki na mstari mtamu ambao umeacha nusu ya jambo sakafuni. Kwenye sanaa hiyo ndo kazi yenyewe, sikosoi. Ila kwenye kujitibu hiyo nusu iliyobaki sakafuni ndo unayoihitaji. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, kwenye jaribio lake lililochapishwa 1986 aliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku 4 mfululizo waandike kuhusu jambo lililowaumiza sana, na walioandika tukio pamoja na hisia zao hapo mwanzo walitoka wanajisikia vibaya zaidi, lakini miezi iliyofuata wakawa wanaenda kliniki ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Hawakuandika kwa vina, hawakuandika ili mtu ashangilie. Baadaye akaona pia wanaofaidika zaidi ni wale ambao maandishi yao yanabadilika siku hadi siku, wanaanza kuona sababu, wanaanza kuelewa, sio wale wanaorudia kilio kile kile. Jaribu hivyo, daftari tofauti kabisa na la nyimbo, na usimwonyeshe prodyuza! Nakuonya mapema kwa sababu najua utaona mstari mzuri mle ndani utataka kuuiba. Uache ulale.

Hiyo plelisti ya saa nane usiku. Mi sio wa kukuambia zima nyimbo za huzuni uweke za furaha, huo ni ushauri wa watu ambao hawajawahi kuhuzunika. Wimbo wa majonzi unaweza kukukalisha chini ukalia, ukatoka mwepesi, ukalala. Lakini watafiti kama Sandra Garrido na Emery Schubert wa Australia wamegundua kwamba kwa watu wenye tabia ya kuzungusha jambo moja kichwani bila kulimaliza, nyimbo hizo zinaweza kuwaacha wako chini zaidi ya walivyoanza, na wenyewe wanaamini zinawasaidia. Kipimo chako kiwe hicho, wimbo ukiisha angalia mwili wako, umelegea au umejikunja zaidi? Umepata hamu ya kumpigia mtu au umepata hamu ya kuurudia? Kama ni kuurudia, na plelisti ikiisha unaianzisha upya, basi haikufariji tena, inakuzungusha tu. Iweke mchana. Isikilize na mtu ikiwezekana. Saa nane usiku hakuna binadamu anayefikiria sawa sawa, hata mimi jambo la saa nane usiku silipi uzito mpaka kuche.

Posti ndefu ya kueleza mstari kwa mstari, hapana. Sio kwamba watu hawastahili kujua, ila soma sababu uliyonipa mwenyewe, ili waone aibu. Utawapa aibu, kweli, wataandika pole kaka, pole kaka, tuko pamoja, chini kabisa, na wewe utakuwa unahesabu nani kaandika na nani hakuandika, rafiki yako akichelewa masaa mawili umeshamhukumu. Alafu kesho yake wamehamia kwenye jambo lingine na wewe uko chumbani na hizo pole. Tena kuna wengine watasema unatafuta kiki. Itakuwa ni kuwaambia watu wote tena, kosa lile lile ila bila biti. Siku ukishakuwa na watu wako watatu wanaojua, ukitaka kuongea hadharani ongea, wasanii wengi wamefanya hivyo na imewasaidia waliokuwa wanasikiliza kimya kimya. Lakini hapo utakuwa unaongea kwa ajili yao, sio kuwakomoa.

Kuhusu pati tu na spidi ya prodyuza, maneno ni yako, una haki ya kusema hapana, na hapana hiyo haihitaji kuelezewa machozi yako, mwambie tu hili andiko ni la polepole, kama unataka la mbio nitakuandikia lingine. Anaelewa biashara. Na mwombe mpiga kinanda mjaribu siku moja kwenye shoo ndogo kuuimba ule wa kwanza kinanda peke yake bila makofi, kama ulivyokuwa kabla haujapelekwa studio, mwone unavyokaa. Ila kwenye nyimbo mpya usiingize jambo ambalo hujawahi kumwambia binadamu kwa mdomo. Liseme kwanza kwa mtu mmoja mwenye jina, ndo uliimbe.

Vesi ya pili msiiguse lakini, ile ni nzuri mno.

Shangazi yako